Mshindo Chini ya Basi la Kanisa

Cyubahiro alikatazwa kuongea tangu walipoondoka Louisville, na hilo ndilo lililokaribia kuwaua wote.

Haikuwa adhabu. Ilikuwa heshima, au ndivyo alivyoambiwa. Walikuwa wanakwenda Buffalo kumposa Teta, binti wa mzee Rurangwa, na baba mkubwa wa Cyubahiro, mzee Gatsinzi, aliyekuwa msemaji wa ukoo, alikuwa ameweka masharti wiki nzima kabla. Mwoaji husemewa. Anakaa kimya, anainamisha kichwa, akiwa na neno anamnong'oneza mama yake, na wakubwa hawasemeshi mpaka wakwe wampokee. Tena asichafue mikono. Kile kisanduku chake cha spana, ambacho hakukiacha hata akienda kanisani, Gatsinzi alikitoa ndani ya basi kwa mikono yake mwenyewe akakirudisha nyumbani, mtaa wa Iroquois. Alisema wanakwenda kuomba mke, hawaendi kutengeneza magari.

Sasa hebu fikiria mambo ya watu wetu. Katika basi lenye watu wanane fundi wa magari alikuwa mmoja tu, miaka minne ndani ya gereji ya South End, na huyo huyo ndiye aliyefungwa mdomo.

Basi lenyewe lilikuwa la kanisa, jeupe, la viti kumi na tano, la zamani, la aina ile ambayo injini iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Dereva alikuwa shemasi Protasi, mtu mpole asiyejua kumkatalia mkubwa kitu. Tangu Machi basi hilo lilikuwa na ugonjwa. Kila Protasi alipoingiza gia, ya mbele au ya kurudi nyuma, chini ya sakafu kilisikika kitu kikigonga, tak, kama mtu aliyepiga chuma kwa nyundo mara moja akaacha. Wanaume wa kanisa walikuwa wamesimama kulizunguka Jumapili baada ya Jumapili na wote wakakubaliana kwamba giaboksi inakufa. Cyubahiro hakuwepo kwenye mikutano hiyo kwa sababu miezi hiyo Jumapili alikuwa na zamu ya kibarua chake cha pili, ghalani, na hakuna aliyemwambia. Waliogopa angeifungua. Waliamini kabisa kwamba giaboksi ikishaguswa na spana haiponi tena.

Kwa hiyo walifanya dawa yao. Waliongeza mafuta mapya ya giaboksi, wakaliombea basi mikono ikiwa juu ya boneti, na Gatsinzi akatoa shauri ambalo kila mtu aliliona la busara. Mshindo unasikika gia inapobadilishwa. Basi gia isibadilishwe. Mkishaingia barabara kuu, nendeni mwendo mmoja, msisimame, na mkilazimika kusimama msizime injini. Lisipogonga, haliumwi.

Haraka yao ilikuwa na sababu. Novemba iliyopita, mwaka 2014, walikuwa wamepanga safari hiyo hiyo, theluji ikafunga njia za Buffalo, na Rurangwa akabaki na wageni sitini, vyakula vimeiva, watu wa kuvila wakiulizana wakwe wako wapi. Alipopiga simu baadaye hakupaza sauti. Alimwambia Gatsinzi kwamba theluji ameisamehe, lakini mara ya pili hatasamehe kitu. Akapanga Jumamosi moja ya Mei, saa kumi jioni. Wakikosa saa hiyo wasimtafute tena, na Teta ataolewa na watu wanaojua kufika. Teta alikuwa amemwambia Cyubahiro kwamba baba yake hatanii, na kwamba yeye hawezi kuolewa bila baraka ya baba. Cyubahiro alimpenda kwa sababu hiyo pia, ingawa sababu yenyewe ilimnyima usingizi.

Waliondoka saa kumi na moja alfajiri. Protasi alipoingiza gia, tak. Cyubahiro, safu ya pili nyuma ya mama yake, aliinua kichwa.

Giaboksi anayoijua yeye ikiumwa huteleza. Huchelewa kushika, injini hupiga kelele gari likiwa limesimama, huunguza mafuta. Hii ilishika papo hapo, kisha kitu kingine nyuma yake kikagonga. Kabla hawajafika Cincinnati alikuwa ameusikia mshindo ule pia mteremkoni, Protasi alipoondoa mguu kwenye mafuta, na tena alipokanyaga. Sauti ilitoka katikati, chini ya miguu ya mama yake. Baada ya Cincinnati likaongezeka jambo la pili. Basi lilipofika mwendo wa maili sitini na tano kwa saa sakafu ilianza kutetemeka, kidogo, mtetemo wa kuwasha nyayo. Wengine waliimba. Yeye alivua kiatu kimoja akaweka mguu juu ya chuma.

Alimnong'oneza mama yake, Kabanyana. Kabanyana akamfikishia Gatsinzi aliyekaa mbele kando ya dereva. Jibu lilirudi kwa njia ile ile: mtoto atulie, hiyo ni giaboksi na imeshaombewa. Baada ya maili ishirini alinong'ona tena, na safari hii Gatsinzi alimwambia tu Protasi asipunguze mwendo. Cyubahiro akakaa, mikono katikati ya magoti, akihesabu maili za kufika Columbus. Aliona aibu kwa kukaa vile. Alijua angepaswa kupiga kelele, na hakupiga.

Columbus walikuwa na kituo kimoja tu, kumchukua shangazi Leya, dada wa marehemu baba yake. Walifika saa mbili na nusu asubuhi. Leya alikuwa tayari nje ya fleti yake, kilemba kichwani na chupa ya chai ya maziwa mkononi. Gatsinzi akamkumbusha Protasi asizime. Protasi akaweka gia ya kuegesha, tak, na injini ikabaki inanguruma.

Wanawake waliposhuka kumkumbatia Leya, Cyubahiro alishuka nao. Alitazama huku na huku, akapiga magoti juu ya lami katika suti yake ya kijivu, akaingiza kichwa chini ya basi. Shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi kwenda magurudumu ya nyuma ilikuwa palepale alipodhani. Mwanzoni mwake, inapoungana na giaboksi, kuna kile kiungo mafundi wanachokiita kros, chuma chenye mikono minne ya msalaba kinachoiruhusu shafti kuzunguka huku inapinda. Kuizunguka kros kulikuwa na vumbi jekundu la kutu, jingi, jipya. Aliishika shafti akaisukuma juu. Haikupaswa kusogea hata unywele. Ilisogea nusu kidole, ikagonga, tak.

Alitoka chini ya basi akajua kwamba tangu Cincinnati watu wanane walikuwa wanaishi kwa bahati tu. Kros ya mbele ikikatika katika mwendo ule, ncha ya shafti huanguka na kuchoma lami, na basi lote hunyanyuliwa juu yake. Aliwahi kuona gari lililoletwa gereji baada ya jambo hilo. Hakuwahi kumsimulia mtu yaliyokuwa ndani.

Wanawake walikuwa wameanza kupanda. Gatsinzi aliita kwamba muda unakwenda. Cyubahiro akazunguka upande wa dereva, akapitisha mkono dirishani mbele ya kifua cha Protasi, akazima injini na kuchomoa ufunguo.

Wanawake waliokuwa wakipanda wakasimama mlangoni.

"Baba mukubwa," alisema Cyubahiro, "basi hii haiendi."

Gatsinzi hakumtazama. "Kabanyana, ambia mutoto yako apande."

"Si boite ya gia. Boite iko muzima. Ni kros ya shafti, imekwisha kabisa. Ikikatika tuko mbio, tutapinduka. Mama anakaa juu yake."

"Leta funguo." Mzee alinyoosha mkono, kiganja juu. "Saa kumi haitatungoja. Ukitengeneza hapa, bibi umepoteza. Unanisikia? Ile nyumba haitatufungulia. Leta funguo."

Mkono ule Cyubahiro aliujua vizuri kuliko wake mwenyewe. Ndio uliomshika wakati wakishuka kutoka milima ya Kivu, baba yake akiwa amezikwa juzi yake, na haukumwachia hadi walipovuka mpaka. Ndio uliomlea. Katika miaka yake ishirini na sita hakuwahi kuuambia hapana.

"Hapana, baba mukubwa," alisema, na akautia ufunguo mfukoni.

Leya alishika mdomo. Kabanyana alifumba macho. Gatsinzi alirudisha mkono wake polepole, akafungua mlango, akashuka, akanyoosha koti lake.

"Bon," alisema. "Mutu mwenye kuninyanganya funguo mbele ya bamama, huyo hana kazi na mimi. Kwa Rurangwa utajisemea."

Akaingia kwa Leya, akakaa kwenye kochi, na chai alipoletewa hakuigusa.

Cyubahiro angeweza kulia pale pale, maana mwoaji anayejisemea mwenyewe ni sawa na asiye na watu, na hakuna baba wa milimani anayemtoa binti kwa mtu asiye na watu. Lakini ilikuwa saa tatu kasoro, na kros haibadiliki kwa machozi. Jirani wa Leya, Mtanzania wa Morogoro aitwaye Mwinshehe, alikuwa akitazama kila kitu kutoka barazani na kikombe mkononi. Bila kuulizwa alileta jeki, vigoda vyake viwili vya chuma vya kutegemezea gari, na nyundo.

"Kwanza vua koti, bwana harusi," alisema. "Mengine tutaona."

Leya alimpeleka Cyubahiro duka la vipuri kwa gari lake kuukuu lisiloweza kutoka nje ya mji, wakarudi na kros mpya, koleo na seti ya soketi. Kazi yenyewe kwenye gereji yenye lifti ingekula saa moja. Juu ya lami, ukilala chali na shati jeupe, ni habari nyingine. Alizuia magurudumu ya mbele kwa matofali, akainua nyuma, akachora mstari wa chaki kwenye shafti ili irudi ilivyokaa. Boliti nne za nyuma zilikuwa zimeshikwa na kutu. Ya tatu ilimla dakika ishirini na ngozi ya vidole viwili. Alipoichomoa shafti kwenye giaboksi aliziba tundu kwa mfuko wa plastiki mafuta yasimwagike. Mafuta yalikuwa mazuri, mekundu, safi. Giaboksi ambayo kanisa zima lilikuwa limeililia haikuwa na kosa lolote.

Akaiweka shafti juu ya gazeti na kuigonga kros itoke. Kila mkono wa kros huvaa kikombe kidogo cha chuma, na ndani ya kikombe hupangwa vyuma vyembamba kama sindano, duara zima, vimezama kwenye grisi. Kikombe cha kwanza kilipotoka hakikuwa na sindano. Kilimwaga unga wa kahawia juu ya gazeti. Cha pili vilevile.

Alikuwa ameinama juu ya unga huo alipoona viatu vyeusi vilivyong'arishwa vimesimama upande wa pili wa gazeti. Hakuinua uso. Viatu vilikaa pale kwa muda mrefu. Kisha vikageuka na kurudi ndani.

Kros mpya ilimsumbua. Vikombe vitatu viliingia vizuri, cha nne kikakataa kufika mwisho, na kile kipete cha kukifungia hakikupata pa kukaa. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Mwinshehe alisema agonge zaidi, na Cyubahiro alitamani sana kugonga zaidi. Lakini alijua maana yake: sindano moja imeanguka imelala ndani ya kikombe, chini kabisa, na ukigonga kwa nguvu itavunjika, na baada ya maili mia mtarudi palepale. Akakitoa chote. Sindano ilikuwepo, imelala. Akaipaka grisi kwa kidole, akaisimamisha mahali pake, akaanza upya. Mama yake alikuwa amechuchumaa karibu naye na kofia ya jua, anamfuta jasho lisimwingie machoni.

Saa sita kasorobo alirudisha ufunguo kwa Protasi. Protasi akawasha, akaingiza gia. Hakuna kilichogonga. Akaingiza ya kurudi nyuma, akarudia ya mbele, na uso wake mpole ukajaa mshangao. Hakuna aliyeshangilia. Kila mtu alijua hesabu: saa tano za njia, na bado mpaka wa Pennsylvania na foleni za Cleveland.

Gatsinzi alipanda, safari hii akaenda kukaa nyuma kabisa, peke yake.

Desturi inamtaka msemaji ndiye apige simu kwa wakwe. Protasi alitazama kwenye kioo, Leya alikohoa, Kabanyana akageuka mara mbili. Gatsinzi hakutoa simu. Hakuna mwingine aliyethubutu. Basi lilikwenda laini, sakafu imetulia kabisa, na Cyubahiro hakupata raha yoyote kutokana na utulivu huo. Saa kumi na dakika tano, wakiwa wameshaipita Erie, Teta alimtumia ujumbe: Baba amesimama mlangoni, anaangalia saa. Saa kumi na nusu ukaja mwingine: Niambie mko hai tu. Alijibu kwamba wako hai. Hakujua aongeze nini.

Waliingia Cheektowaga, kitongoji cha Buffalo, saa kumi na moja na dakika tano. Nyumba ya Rurangwa ilikuwa na turubai uwanjani nyuma, na chini ya turubai vijana walikuwa wameanza kukunja viti. Wageni wengine walikuwa wanatafuta funguo za magari yao. Rurangwa, mrefu, mwembamba, alikuwa amesimama katikati ya nyasi. Hakuwafukuza, maana walikuwemo wazee na akina mama, lakini hakumwambia mtu karibu. Wakakaa kwenye viti vilivyobaki. Cyubahiro alificha mikono yake chini ya koti. Kucha zilikuwa nyeusi na vidole viwili vimefungwa kitambaa.

"Nawasikiliza," alisema Rurangwa. "Lakini kwa ufupi."

Gatsinzi alikuwa anatazama nyasi. Watu wa upande wa binti wakaanza kutazamana, kwa sababu ujumbe wa posa usio na msemaji hawajawahi kuuona. Cyubahiro alimwona Teta nyuma ya kioo cha jikoni, mikono mdomoni. Aliona kwamba mambo yameisha. Hata hivyo alisimama, akafungua mdomo.

Gatsinzi akamshika mkia wa koti na kumvuta. Cyubahiro akakaa kwa kishindo, na mzee akasimama badala yake.

"Rurangwa," alisema, "tumechelewa. Hapana juu ya teluji. Tumechelewa juu ya huyu mutoto. Leo asubui ameninyanganya funguo mbele ya bamama. Nilimuambia twende, akanikatalia. Mimi, mwenye kumulea. Donc, mujue mutu mwenye ninamuleta hapa: ni mutu asiyesikia mukubwa."

Hata Leya, anayejua maneno yote ya kuposa, hakuwahi kusikia msemaji anayeanza kwa kumchafua kijana wake.

"Nilikuwa na hasira, ningali nayo," aliendelea Gatsinzi. "Njia yote nilitafuta maneno ya kusema, nimekosa. Lakini ile chuma nimeiona. Ilikuwa unga. Nilikuwa nimepakia watu munane juu ya unga, nikasema twende mbio sababu yako, sababu ya saa yako. Angenieshimu, saa hii mungekuwa munatulilia. Alijua atapoteza binti yako, akakatala hata vile. Bon. Huyo ndiye ninamuombea binti yako."

Rurangwa alimtazama Cyubahiro, akatazama mahali mikono ilipofichwa.

"Na mimi," aliuliza, "siku moja ataninyanganya funguo?"

"Siku ukikosea," alisema Gatsinzi, "atakunyanganya."

Cyubahiro alikuwa ameshaanza kulia, waziwazi, bila kujificha, akijifuta uso kwa mikono yake yenye grisi mbele ya watu wote aliotaka wamwone msafi.

Rurangwa aligeuka kwa wale vijana.

"Fungueni viti," alisema. "Na mtu amletee mkwe wangu maji ya kunawa."